Upande Mpya wa Barabara ya Yei

Jumatano, 1 Agosti 1973. Koboko, Uganda.

Siku kubwa. Naandika mapema kabla haijaharibika.

Redio ya Omdurman imetangaza, na Haji Fadhul, mwenye duka na mwenye lori, ametutafsiria sote tuliokuwa barazani kwake. Kuanzia Jumatatu, Sudani nzima inaacha kuendesha magari upande wa kushoto. Wanahamia kulia. Haji Fadhul aliduwaa, kikombe kiko hewani, kwani lori lake ndilo linalopeleka chumvi na sabuni Yei, ng'ambo ya mpaka. Dereva wake wa siku zote akasema yeye kazeeka mno kuhamishwa upande. Akaweka ufunguo juu ya meza, akaenda zake Arua kwa binti yake.

Lori halina dereva! Na nani katika Koboko hii anaujua upande wa kulia? Mimi, Silvester. Wakati wa vita nilikimbilia Aba, kwa Wakongo, na huko wanapita kulia tangu zamani.

Imekuja wakati wake. Keji, mke wangu, amesema Jumatatu anarudi Yei kwa mama yake, yeye na mtoto wetu Jale, nami nikiwepo au nisiwepo. Amani ilipokuja mwaka jana Wasudani wenzetu wengi walirudi. Mimi nilisema tungoje mvua ikatike. Kisha nikasema tungoje mavuno. Sasa Keji hataki kungoja kitu.

Nami siwezi kufika Yei hivi hivi. Mama mkwe ameshaambiwa na wasafiri kwamba nina lori. Waliambiwa na mimi. Si uongo: nilisema lori ninalo, sikusema limeshafika. Basi lazima nifike na lori. La Haji Fadhul litafaa. Keji atamwona mama yake, tutashusha chumvi, tutarudi wote watatu Koboko, na heshima yangu iko palepale.

Alhamisi, 2 Agosti

Nilifika dukani kabla ya chai ya pili. Pitia alikuwa ameshafika, amekaa juu ya gunia la sukari.

Pitia ni Msudani kama mimi, wa Yei kama mimi, na hapo ndipo tunapoachana. Aliwahi kuendesha gari la mapadri kule Ombaci. Haji alipomuuliza atawezaje upande mpya, akajibu kwamba ataenda polepole na kuangalia mbele. Basi. Huo ndio ujuzi wake wote.

Mimi nikasimama, nikaeleza kisayansi. Usukani wa lori uko kulia. Ukipita kulia, dereva anakaa upande wa mtaro. Anaona mtaro vizuri sana, lakini gari linalokuja akitaka kumpita mwenzake halioni. Kwa hiyo kiti cha kushoto akae mtu wa kumwambia pita au ngoja. Huyo anaitwa jicho. (Jina nimelitunga mimi.) Haji alijikuna ndevu muda mrefu. Nilimgusa. Aliniuliza Aba niliendesha gari gani. Nikasema malori makubwa. Kwamba nilikuwa tanboi, mtu wa kupakia mizigo na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, hakuniuliza.

Ameamua: Jumapili kila mmoja wetu ataendesha mpaka Lurujo na kurudi, yeye akiwa ndani. Atakayemridhisha ndiye atakayeondoka Jumatatu.

Pitia alinitakia heri. Mnafiki.

Ijumaa, 3 Agosti

Nimepata njia ambayo Pitia hataiwaza akiishi miaka mia. Mwili uhame kwanza, lori litafuata. Tangu asubuhi mambo yangu yote ni kulia. Nimetoka mlangoni kwa kulia. Kisimani nimezunguka kulia. Nikapanda baiskeli, nikashika kulia ya barabara, katikati ya Koboko.

Nilikuwa nimesahau kwamba ni Ijumaa. Malakia yote, mtaa wa Waislamu, ilikuwa inakwenda msikitini, kanzu nyeupe tupu, wao wameshika upande wao na mimi nimeushika huohuo nikitokea mbele. Nilipiga kengele. Wao pia walitegemea nipishe. Nikaishia katika samaki wakavu wa mama mmoja aliyekaa kando ya njia, na kanzu ya mzee mmoja haikubaki nyeupe. Mama Hajara, mwenye nyumba wetu, ambaye ni dada yake Haji Fadhul, aliniuliza mbele ya watu wote kama nina malaria.

Aliyeniinua ni Pitia. Ningependa zaidi kubaki chini.

Nyumbani nikahamisha kitanda, ili asubuhi nishukie kulia. Sasa Keji analala chini ya pale panapovuja. Alimhamisha mtoto, akaweka sufuria.

Jumamosi, 4 Agosti

Leo nimemfundisha Keji kuwa jicho, maana Jumatatu nitamhitaji. Niliweka vigoda viwili uani. Mimi kulia, yeye kushoto, Jale nyuma kama mzigo wa chumvi. Usukani ulikuwa ungo.

Mwanzoni alicheka. Nikiuliza njia ikoje, anasema kuna mbuzi wa Mama Hajara. Nikamwonya kwamba dereva hataki habari za mbuzi, anataka kusikia pita au ngoja. Akajaribu. Kisha akafumba macho, na hapo sijui kilichomwingia. Alisema, ngoja, hapa kuna kijito, daraja ni magogo. Sasa pita. Ngoja, hapa kuna kona, yule mama muuza uji hukaa hapahapa. Pita. Aliiona barabara yote ya Yei, mti kwa mti, miaka yote hii hajaipita. Mimi nilikuwa nazungusha ungo tu. Nilijaribu kuiona, sikuona kitu. Nilijiona tu nimefika, redio begani, watu wakiniuliza habari za Koboko, na mama mkwe akitazama nyuma yangu kama kuna kitu nimekileta.

Tukafika. Keji akasema huu ndio ua wa mama, simama. Nikasimama. Machozi yalikuwa yanamtoka, macho bado kafumba.

"Baba Jale," akasema, "tukifika kweli, wewe utashuka?"

Nikamwambia bila shaka, nitashuka, nitasalimia, nitashusha chumvi, kisha tutarudi kabla jua halijawa kali. Alifumbua macho. Akauchukua ungo mikononi mwangu, akaenda kupepeta wimbi.

Nadhani amelielewa somo. Lakini moyo wangu haukutulia siku nzima, sijui kwa nini. Labda ni wale samaki wakavu, maana yule mama alinilazimisha niwachukue wote.

Jumapili, 5 Agosti

Nieleze kwa haki, bila chuki.

Pitia alitangulia. Alikwenda Lurujo, akarudi. Hakuna la kuandika. Lori zima, Haji mzima, hata tasbihi yake haikuwa imesogea sana. Niliona ni uendeshaji usio na mafunzo yoyote ndani yake.

Ikawa zamu yangu. Haji Fadhul akakaa kushoto. Nikawasha, nikaondoka vizuri, watu wakapunga mikono. Tulipotoka mjini nikaona Haji amekaza macho kwangu, kisha barabarani, kisha kwangu. Akauliza kwa upole kama tumeshafika Sudani. Nikatazama. Nilikuwa nimeshika kulia. Mwili umehama! Mbinu yangu imefanya kazi, ila siku moja mapema na katika nchi nyingine.

Hapo ningeweza kurudi kushoto. Nililifikiria. Lakini nikaona itaonekana nimekosea, kwa hiyo nikamwambia Haji kwamba namwonyesha Jumatatu itakavyokuwa. Ndipo likaja lori la tumbaku kutoka mbele, limeshika upande wake, yaani upande tuliokuwa nao sisi. Nikaita jicho, njia ikoje? Jicho lilikuwa limefumba na kusoma dua.

Nikaingia kwenye shamba la muhogo.

Tulizama mpaka katikati ya magurudumu. Mwenye shamba, bwana mmoja anaitwa Yakani, alitoka na jembe, akatutazama, akarudi kuita majirani waje na kamba. Walituvuta kwa heshima. Kioo kimoja cha pembeni kimebaki shambani. Tukarudi Koboko. Haji aliposhuka aliushika mlango, kama mtu anayehakikisha ardhi ipo.

"Silvester," akasema, "wewe iko mutu mzuri. Lakini gari yangu, hapana gusa tena."

Pitia ndiye anayekwenda. Nimemwambia Keji kwamba Haji bado anafikiria. Alikuwa anafunga mkeka kwa kamba. Hakuacha kufunga.

Jumatatu, 6 Agosti

Wameondoka.

Lori lilijaa chumvi, sabuni na watu wanaorudi kwao. Keji alikuja na mkeka, sufuria na Jale mgongoni. Haji Fadhul akaniita pembeni. Alisema nyuma kuna nafasi yangu, bure, na kwamba shemeji yake kule Yei anatafuta mtu wa ghalani. Alinisemesha kwa upole, na hilo ndilo lililoniumiza.

Mimi! Nifike Yei juu ya magunia, Pitia kashika usukani, mama mkwe kasimama uani anamtafuta mwenye lori! Nikamshukuru. Nikasema nina shughuli za kumaliza hapa, watangulie, nitafuata.

Keji alisikia. Alikuja akasimama mbele yangu, karibu sana, watu wote wakiona.

"Mama hajawahi kuuliza habari za lori," akasema. "Kila msafiri anayekuja kutoka kwake anauliza mtoto, na anauliza wewe. Lori hakulitaja hata siku moja."

Nikamwambia huo ni uungwana wa mama mkwe tu, mtu mzima haulizi vitu kama hivyo. Alinitazama. Nilitaka kupanda. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: mguu wangu mmoja ulikuwa tayari kwenye gurudumu. Kisha Pitia akatokeza kichwa, akauliza kwa sauti kama napanda, na baraza zima likageuka kunitazama. Nikajifanya nakagua upepo wa tairi. Nikasema tairi liko sawa, nendeni.

Tanboi wa Haji alikuwa anaumwa. Pitia akamwomba Keji akae mbele, kiti cha kushoto, na mtoto. Lori likaondoka kwa kushoto, kama kawaida ya huku. Jale alinipungia mkono upande ambao sikuwapo.

Jumanne, 7 Agosti

Nyumba iko kimya. Nimepika uji, umetoka mabonge. Mvua ilinyesha, pale panapovuja hapana sufuria. Mama Hajara ameniletea kisra, ile mikate yao myembamba, na mchuzi, akakaa nami kidogo, kama watu wanavyokaa msibani. Aliponiuliza kama nimekula tangu jana, nililia. Nilimwambia ni moshi. Moto ulikuwa umezimika.

Jioni Pitia amerudi. Mpakani walihama upande bila shida. Keji alimwambia pita na ngoja mpaka Yei, na hakukosea hata mara moja. Mama mkwe alichinja kuku. Aliuliza niko wapi. Keji akajibu kwamba nakuja. Pitia alinieleza haya yote taratibu, akanitazama, akasema Alhamisi anarudi tena, na nafasi iko, hata ya mbele.

Nakuja. Keji alisema nakuja! Yaani amenipa muda. Anajua mimi ni mtu wa mipango.

Na mipango ipo. Barazani leo mtu mmoja alisema Wakongo wako kulia, Sudani sasa iko kulia, na Uganda haitakaa katikati peke yake kwa muda mrefu. Wengine walimcheka. Mimi sikucheka. Siku hiyo ikifika, Koboko nzima itamtafuta mtu anayejua. Vigoda ninavyo, ungo nitaazima kwa Mama Hajara. Wanafunzi watakuja, lori litafuata, na nitaingia Yei kwa mlango wa mbele.

Kwa hiyo Alhamisi siendi. Nimempa Pitia ujumbe kwa mama mkwe: asiwe na wasiwasi, lori langu limekwisha kutengenezwa, bado kupakwa rangi tu. Pitia akauliza, akiulizwa aseme rangi gani.

Nimemwambia buluu.