Kesi ya Msumeno Mwoga

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Nyanda za Juu Kusini, wenye kuni na wasio na kuni, kwamba swali lililowanyima wataalamu usingizi, yaani kati ya msumeno wa injini wa zamani na ule mpya upi ni bora, sasa limepata jibu rasmi. Jibu ni kwamba msumeno unaokata sana haufai. Asiyeelewa asiwe na wasiwasi. Mimi nilikuwepo, nasoma kidato cha nne, tena ni Katibu wa Kikundi cha Kuni cha wanafunzi. Nitaeleza polepole.

Shule yetu ya bweni iko Iringa, upande wa kuelekea Tosamaganga, mahali ambapo baridi ya Juni humfanya hata mwalimu wa zamu aimbe peke yake njiani. Jiko letu hula kuni kuliko sisi tunavyokula maharage. Kwa miaka mingi kuni hizo zilikatwa na msumeno mzito ulioachwa na kampuni ya kujenga barabara. Tuliuita Babu. Babu alibebwa na watu wawili, alivutwa kamba tangu gwaride la asubuhi mpaka kipindi cha hesabu, na alipokubali kuwaka alimtikisa mkataji hadi meno yakagongana. Mkataji akishamweka chini, aliendelea kutetemeka mwenyewe, bila injini.

Mwaka huu wa sabini na sita Babu amekuwa mgomaji. Tulikwenda msituni na mashoka badala ya kwenda darasani, na bado kuni hazikutosha. Maharage yalifika mezani yakiwa na sauti: ukiyamwaga kwenye sahani ya bati, bweni la pili wanajua mmeanza kula. Mwishowe mkuu wa shule, Mwalimu Saulo, alisimama mbele yetu akasema bila kupepesa macho, "Kuni zikikosekana tena, nafunga shule. Siwezi kuwalisha watoto wa watu unga mbichi." Mtihani wa mwisho ulikuwa umekaribia. Wenzetu wa Usangu wakaanza kujiuliza kama ng'ombe wa baba zao bado wanawakumbuka.

Ndipo wahisani fulani wakatuletea msumeno mpya. Ulikuwa mwepesi, mtu mmoja anaubeba huku anapiga mluzi. Kasian, rafiki yangu na mkataji wetu mkuu, aliuvuta kamba mara moja ukawaka. Jioni ile tulikula maharage yaliyonyamaza.

Mwalimu Saulo akafanya kosa. Aliandika kwa wakubwa kushukuru. Kwa hiyo wakubwa wakajua kwamba Iringa kuna kitu kinachofanya kazi bila kuwa na kamati.

Hali hiyo ya hatari haikuvumiliwa. Kutoka Mbeya ilishuka Kamati ya Kurugenzi ya Ulinganisho wa Zana Zenye Kelele, ikiongozwa na Ndugu Ezekia Kalinga, Mwenyekiti wa Kamati, mtu mwenye suti ya mikono mifupi na kalamu nyingi mfukoni. Alifuatana na karani wake, Liberatus, aliyebeba jalada kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Tulielezwa kwamba misumeno yote miwili itashindanishwa, na kwamba utakaoshindwa utaondolewa shuleni kwa usalama wetu.

Mashindano yalifanyika nyuma ya jiko, kwenye magogo makavu ya mkaratusi. Kasian aliambiwa aanze na mpya. Akavuta, ukawaka, gogo likakatika vipande. Ndugu Kalinga alikuwa bado anatafuta kiti.

"Simamisha!" alipiga kelele. "Nani kakuruhusu kumaliza?"

"Ulisema nikate, Mzee."

"Nilisema uanze kukata. Kumaliza ni ajenda nyingine. Liberatus, andika: umetangulia ratiba."

Liberatus akaandika.

Zamu ya Babu ikafika. Tulimvuta kamba kwa kupokezana. Wajumbe wa Kamati wakaenda kunywa chai, wakarudi, wakaenda tena kumalizia maandazi. Hatimaye Babu akanguruma. Moshi ukafunika jiko, kuku wa Mwalimu Saulo wakahama, na Kasian akaanza kutikisika kama gunia la karanga juu ya lori. Babu alikata nusu ya gogo, akakwama humo humo, akazimika.

Ndugu Kalinga alipiga makofi. "Mmesikia? Hiyo ndiyo kazi! Hata watu wa bondeni wamejua kuna maendeleo huku juu. Ule mwingine unakata kimyakimya kama mwizi. Una nini mle ndani?"

"Una mpira, Mzee," alisema Kasian, akijaribu kuishika mikono yake itulie. "Mpira unazuia mtetemo usifike mkononi."

"Kwa hiyo mfanyakazi hajui kama yuko kazini?"

"Anajua, Mzee. Anaona gogo linakatika."

"Usinijibu. Na hiki kikono hapa mbele?"

"Ni breki. Msumeno ukiruka kuja usoni, mnyororo unasimama wenyewe."

Ndugu Kalinga alitikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. "Chombo kinachosimama kikiona hatari ni chombo kioga. Na mafuta ya mnyororo? Kwa Babu yenu nimeona mnabonyeza kwa kidole gumba."

"Mpya unajipaka wenyewe."

"Unajipaka wenyewe?" Mwenyekiti alishusha sauti, kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu. "Bila kibali? Liberatus, hilo liandike kwa herufi kubwa. Kujihudumia."

Mimi kama Katibu niliridhika kabisa. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba msumeno ni wa kukata kuni. Kumbe tulikuwa tumelelewa vibaya.

Mchana Mama Nyamizi, mpishi wetu, aliniita kwa mwiko. Mama Nyamizi ni Msukuma aliyeletwa Usangu na ng'ombe wa mumewe, akaletwa Iringa na hasira zake mwenyewe, na hajawahi kunong'ona maishani mwake.

"We Katibu, njoo hapa! Unachekacheka tu, unajua mnaibiwa?"

"Tunalinganishiwa, mama."

"Mnalinganishiwa nyoko! Yule karani wao nimempa nyama, imemlegeza mdomo. Anasema huo utakaoshindwa unakwenda kutunzwa nyumbani kwa Mwenyekiti, kule Soweto, Mbeya. Eti kwa uangalizi! Na shemeji yake anauza mbao hapo hapo Mbeya, sokoni Mwanjelwa. Sasa niambie, Babu ndiye atakayepasua mbao za shemeji?"

Nilikiri kwamba sikumwona Babu akipasua mbao za shemeji.

"Basi ujue. Wiki ijayo mtakula mawe, halafu mtakwenda kwenu na vyeti vya ugali mbichi." Akanigonga begani na mwiko, si kwa nguvu sana. "Wewe si ndiye msemaji msemaji? Sema kitu."

Kusema kitu ni rahisi, kazi ni kupata ruhusa. Nilikwenda kwa Mwalimu Saulo nikamwomba nitoe neno la shukrani kwa niaba ya wanafunzi. Aliwahi kuniadhibu kwa kumtangaza mbuzi wa mwalimu wa zamu kuwa kiranja wa mazingira.

"Utashukuru tu?" aliuliza.

"Nitashukuru sana, mwalimu. Kupita kiasi."

"Sawa," akasema, na nadhani aliuma mdomo asicheke.

Kesho yake Mkuu wa Kurugenzi mwenyewe alifika kusikiliza taarifa. Aliitwa Ndugu Ndalahwa, mzee mnene mwenye uso wa upole, ambaye kwa hakika aliamini kila kitu alichosomewa. Mawe yote ya njiani yalipakwa chokaa kwa ajili yake. Ndugu Kalinga alisoma taarifa kwa sauti ya kanisani. Babu alisifiwa kuwa mvumilivu, mzito, mwenye sauti na asiyejipendelea kwa mafuta. Msumeno mpya ulitajwa kuwa mwepesi, mwoga, mwenye haraka na mwenye tabia ya kujihudumia. "Kwa hiyo, Ndugu Mkuu," alimalizia, "mimi niko tayari kujitolea, kuubeba mzigo huo, na kuutunza nyumbani kwangu usije ukaharibu vijana."

Ndugu Ndalahwa alifuta macho. Kisha nikaitwa mimi.

"Ndugu Mkuu wa Kurugenzi," nilisema, "sisi wanafunzi tumefundishwa mengi. Tulikuwa vipofu. Tulifurahia maharage laini bila kujiuliza yamelainika kwa njia gani. Lakini kuna jambo moja linatukosesha raha. Ndugu Mwenyekiti ametumikia taifa kwa siku nzima, na sasa anataka kuondoka na chombo kilichoshindwa. Chombo kioga! Watu wa Mbeya watasema nini wakimwona? Watasema Iringa hawana adabu, wanampa kiongozi makapi. Tunaomba kwa unyenyekevu apewe mshindi. Tunaomba apewe Babu."

Wanafunzi walipiga makofi mpaka mikono ikawaka. Mama Nyamizi alipiga vigelegele akiwa amesimama juu ya ndoo.

Ndugu Kalinga alisimama haraka. "Ndugu Mkuu, mimi sistahili..."

"Kaa, Ezekia," alisema Ndugu Ndalahwa kwa upendo. "Siku zote unajishusha. Kijana amesema kweli. Kiongozi hapewi kilichoshindwa. Taarifa yako mwenyewe imenigusa moyo. Chukua mshindi."

"Lakini vijana watabaki na kile kioga, Mkuu! Ni hatari!"

Mkuu akanigeukia. "Mtaweza kukivumilia?"

"Kwa shida, Mzee," nilisema, nikainamisha kichwa. "Tutakichukua kama adhabu."

"Vizuri. Adhabu hujenga." Kisha akapata wazo lingine, na nililiona likimfikia usoni kama jua linalopanda. "Tena, Ezekia, nyumba yetu ya wageni pale Mbeya haina kuni. Kuanzia Jumatatu utazikata wewe, kwa mikono yako, na huyo mshindi. Watumishi wote waje waone mfano. Mpiga picha yuko wapi? Hebu anza kidogo hapa tuone!"

Mgeni rasmi akisema "hebu anza", hakuna anayekataa, hata awe na kalamu ngapi mfukoni. Ndugu Kalinga alimkabidhi Liberatus kalamu zake. Alivuta kamba. Alivuta tena. Sisi tukaimba wimbo wa kumtia moyo, wimbo wenye beti nyingi, na kila alipotaka kupumzika tulianza ubeti mpya. Babu aliwaka kwenye kiitikio. Picha ilipigwa, ila nasikia sura ya Mwenyekiti haikutoka vizuri, kwa kuwa haikutulia sehemu moja.

Wakati wa kuondoka ikagundulika kwamba ndani ya Landrova kulikuwa na sanduku jipya la mbao, lenye vipimo sawasawa na vya msumeno mpya. Hakuna aliyeuliza lilitengenezwa lini. Babu hakuingia. Ikabidi Ndugu Kalinga ampakate.

"Mshike vizuri," Ndugu Ndalahwa alimwambia, "ni mali ya taifa."

Mwenyekiti aliniita dirishani, mikono bado inamtetemeka, mafuta meusi yakimshuka mapajani. "Kijana," alinong'ona, "huo mwingine... hata kwa kuazima?"

"Hapana, Mzee," nilimjibu kwa heshima zote. "Tukikuazima, tutakuwa tumeikimbia adhabu."

Gari likashuka kilima. Kasian akavuta kamba mara moja. Kwa masikitiko makubwa natoa taarifa kwamba maharage yaliiva.