Tanzia ya Mama Mkwe Aliye Hai

Jumatatu, 4 Machi

Zdravka amenipa hadi Jumapili. Nimletee mpango wa duka letu la kuchapa tanzia, mpango wa miaka ijayo, la sivyo nafasi anampangisha Kamen wa duka la simu. Duka letu ni la marehemu baba yake Zdravka, kwa hiyo yeye, mke wangu, ndiye mwenye kauli. Miaka thelathini na moja nimewachapa marehemu wote wa mji huu: wa leo, wa arobaini, wa mwaka. Hapa kwetu tanzia hubandikwa milangoni; mlango gani haujabeba karatasi yangu? Zdravka anasema milango ipo, wasomaji ndio hawapo. Wako Ujerumani na Uhispania, na huko wanasoma kwenye simu. Eti dunia inakwenda, Metodi, na wewe umesimama unaipungia mkono. Nimeumia. Lakini nampenda, nikala supu yake.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Ubaya wa biashara hii ni kwamba mteja huletwa akiwa keshachelewa. Walio hai je? Kila mtu ajichagulie tanzia yake mapema, na picha ya enzi za meno. Kamen hawezi kuwaza hili hata akila vichwa vya samaki apate akili.

Nahitaji mfano wa kubandika mlangoni mwa duka. Picha yangu? Mungu apishe mbali. Nimechukua ya mama mkwe, Bibi Tsonka, miaka themanini na mitatu, buheri wa afya. Maneno yakaja yenyewe: kwamba alinipokea nikiwa sina hata koti, akaniita mwanangu kabla binti yake hajanikubali. Nimelia kidogo. Neno “mfano” nimeliweka chini kabisa, kwa herufi ndogo, lisiharibu sura.

Jumatano, 6 Machi

Zdravka na mama yake wako kijijini hadi kesho wakipogoa mizabibu, simu haishiki huko. Nimebandika kwa nafasi. Selotepu ya kahawia imefunika “mfano”. Kufikia saa nne nina bakuli tatu za ngano ya kuchemsha, chakula cha msiba, na maua mawili mawili, kama ya mazishini. Kufa kufaana, lakini huyu hajafa!

Kamen ametoka dukani kwake ng'ambo ya barabara, akavua kofia, akaupiga picha mlango wangu. Anaiga! Mchana simu ya duka ikalia. Mwanamume, sauti imekwaruzwa na kilio. Akauliza kama ni kweli hiyo ya mlangoni. Nikamwambia kweli tupu, karatasi imeshika barabara, na pole sana. Akakata. Mteja wangu wa kwanza.

Ijumaa, 8 Machi

Hakuwa mteja. Alikuwa Plamen, shemeji yangu, kaka wa Zdravka. Kamen alimtumia picha ya mlango. Ameendesha gari kutoka Ujerumani bila kulala, suti nyeusi mwilini. Miaka saba hajatia mguu hapa. Akamkuta marehemu jikoni anakanda unga, amerudi jana. Bibi Tsonka akamtazama, akamwambia, “Umekonda. Kaa ule.” Mwanamume wa miaka hamsini akakaa sakafuni, akaikumbatia miguu ya mama yake, asiiachie.

Zdravka ameniita punguani. Kisha akanilalia begani akalia. Sijui nishike lipi.

Bibi Tsonka ameisoma tanzia yake mara mbili. Akauliza kama kweli nalikumbuka lile la koti. Nikasema nalikumbuka kila majira ya baridi. Akaikunja, akaitia kifuani. Hata hivyo, akasema, picha ni mbaya.

Jumapili, 10 Machi

Siku ya hukumu. Nikautoa mpango wangu: tanzia za walio hai. Zdravka akacheka hadi akashika meza. Kisha akaamua: Kamen anaingia, nusu kwa nusu. Mimi niandike, maana hakuna mwingine anayeandika hivyo. Kamen awapelekee walio mbali kwa simu. Plamen akaunga mkono, eti kilichomleta ni simu. Mama yake naye akaitikia. Haya, biashara haigombi. Ila mimi najua kilichomleta. Ni mlango.

Jumatatu, 11 Machi

Plamen ameondoka asubuhi. Ameahidi kuja Pasaka. Kamen ameingiza meza yake. Nimempa pembe yenye upepo.

Saa tano ameingia Bibi Rusana wa mtaa wa nyuma. Hana msiba. Alikuwa na picha yake mwenyewe, ameifunga kwenye leso. Mwanawe yuko Uhispania, mwaka wa tisa huu. Akauliza kwa sauti ndogo kama naweza kumfanyia na yeye, ya wiki moja tu. Ningemkataliaje? Nimemwandikia maneno mazito kuliko ya mama mkwe.

Kamen amesema hakuna haja ya kumuua mtu. Atamwandikia tu huyo kijana kwamba mama yake amemkumbuka. Nikamwambia asituharibie kazi. Kesho asubuhi naibandika mlangoni mwa Bibi Rusana kwa mkono wangu. Nimemwagiza aoke mikate mingi, kwa sababu mwanawe atafika na njaa.