Kapasita Mia Mbili za Mama Chandrakala

Jumatatu, 5 Mei 2025

Siku kubwa! Mzee Obwocha, mkuu wetu wa stoo hapa kiwanda cha chai, ametangaza kwamba anastaafu mwisho wa Juni. Anaacha kiti, koti la kijivu na funguo kumi na tisa. Nimezihesabu. Atakayerithi ni mmoja kati ya makarani wawili: mimi au Gentrix. Gentrix ana diploma. Mimi nina kipaji.

Mtihani umeshaanza. Mizani thelathini na moja ya kupimia majani imekufa kwa mvua na radi huko vituoni kwa wakulima. Bodi zake, yaani ubongo wa mzani, tulizipeleka kwa fundi wa nje, Mama Chandrakala wa Kisii mjini, pamoja na katoni ya kapasita elfu mbili tulizonunua wenyewe. Sasa Mzee anataka hesabu: zimetumika ngapi, zimebaki ngapi, imepotea hata moja? Kazi amenipa mimi. Gentrix amepewa mifagio na mabuti ya mpira.

Mzee alinionyesha kapasita moja ya mfano. Punje ya harage yenye miguu miwili. Akasema umeme huingia humo, ukapumzika, ukatoka. Umeme! Ndani ya kitu ambacho kuku angemeza bila kufikiri! Nilikitazama hadi Gentrix akaniuliza kama ninasali.

Nimempigia mke wangu Magdaline, yuko Oyugis, nikamwambia nimeshakuwa mkuu wa stoo. Si uongo. Ni habari iliyotangulia kidogo.

Jumanne, 6 Mei

Nimeagiza muhuri wa mpira sokoni Ekerenyo: OWITI, MKUU WA STOO. Fundi aliuliza kama aweke na nyota. Nikasema weka mbili.

Bitutu alikuja tena. Huyu ni mkulima wa Manga, mama wa makamo, hasira yake haichakai. Malalamiko ya kwanza: mzani wa kituo chao umo katika hiyo thelathini na moja, wanaazima wa jirani, na majani yananyauka kwenye foleni. Yakinyauka sana yanakataliwa, na jasho la wiki linamwagwa kwenye mtaro. Hilo nilimhurumia kweli.

Malalamiko ya pili ni yale ya kila mwezi, mwaka wa nane huu: eti mzani humkata kilo moja kila anapopima. Nikamweleza tena, kwa subira. Kilo ile ni ya gunia. Mizani yetu yote imetegwa kuiondoa yenyewe. Akasema gunia lake ni jepesi kama leso. Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu.

Alhamisi, 8 Mei

Kisii mjini. Sijapata kuona kitu kama hiki maishani mwangu.

Mama Chandrakala anafanyia kazi ghorofani, juu ya duka la vitambaa la mwanawe Keval. Umri wake ni zaidi ya miaka sabini. Sari, sweta nzito, na jicho moja limebanwa kwenye kioo cha kukuzia. Alinikaribisha kwa Ekegusii kizuri kuliko changu, na mimi nina miaka kumi na moja hapa. Halafu akachukua bodi moja, akainusa. Akainusa! Akasema hii ni ya Birongo, imepigwa na radi. Nikageuza kibandiko nyuma. Birongo. Akainusa nyingine: hii ni ya Manga, sisimizi wamezaa ndani. Akaifungua. Mayai yamepangwa safu safu kama mitaa ya mji. Bodi hiyo, alisema, haihitaji kapasita, inahitaji kuoshwa na kukaushwa polepole. Jumatatu itakuwa tayari.

Nilisimama pale mdomo wazi. Huyu mama anajua vilima vyote vya Nyamira kwa pua.

Akanikabidhi mabaki. Bodi thelathini zimeshapona, kila moja imekula kapasita ishirini: jumla mia sita. Zilizobaki elfu moja mia nne, kwenye mfuko wa plastiki. Pia akanipa mkebe wa mafuta ya kupikia, umejaa kapasita zilizoungua alizozing'oa. Alitaka niketi tuhesabu pamoja. Nikasema hapana haja. Mkuu wa stoo haketi sakafuni kuhesabu maharage. Nikatia sahihi. Mkebe wa maiti nimeuweka uvunguni mwa meza, nani ana haja nao.

Ijumaa, 9 Mei

Nilianza kuhesabu moja moja. Nilifika mia nne na kumi na mbili, Gentrix akapita na kuuliza saa. Nikamjibu. Hesabu ikafutika yote! Huyu msichana ni hatari.

Ndipo nuru iliponishukia. Kwa nini nihesabu? Kwetu ziwani omena, dagaa wale wadogo, huuzwa kwa mkebe wa gorogoro. Sijaona mtu akihesabu macho. Na hapa kiwandani, nani huhesabu majani ya chai? Tunapima! Kibandiko cha katoni kinasema: vipande elfu mbili, kilo kumi. Kilo moja, kapasita mia mbili. Elfu moja mia nne lazima ziwe kilo saba. Hata mtoto wa darasa la nne.

Nikabeba mfuko hadi kwenye mzani mzima wa kupokelea majani. Nikaweka. Kilo sita.

Sita! Kapasita mia mbili hazipo!

Nilimwita Gentrix ashuhudie. Akashauri nihesabu mia moja tu kwa mkono nilinganishe. Wivu huo. Mimi nikagawanya mafungu mawili ili nihakikishe kisayansi. Fungu la kwanza kilo mbili na nusu. La pili kilo mbili na nusu. Jumla tano! Nikagawa manne. Robo tatu ya kilo kila moja. Jumla tatu!

Nikarudi nyuma hatua mbili. Zinaibwa mbele ya macho yangu, na hakuna mtu chumbani ila Gentrix, na mikono yake iko mifukoni. Kadiri unavyozichunguza ndivyo zinavyopungua. Dunia hii ina siri nyingi kuliko tulizofundishwa. Niliacha kupima kabla hazijaisha zote.

Jumamosi, 10 Mei

Muhuri umefika. Nyota mbili, maridadi sana.

Nimeandika barua kwa Mama Chandrakala. Nimetumia ile hesabu ya kilo sita, kwa huruma. Nimemwambia kwamba kapasita mia mbili za kiwanda zimetoweka mikononi mwake, azirudishe, au jina lake litaondolewa kwenye orodha ya mafundi wetu. Nikagonga muhuri mara tatu. Nakala nimeibandika kwenye ubao wa lango, wote wajue kuna mkuu mpya mwenye macho. Mzee Obwocha sikumwambia. Nataka afurahi kwa ghafla.

Nilikumbuka jinsi alivyoinusa ile bodi, nikasikitika kidogo. Kipaji kikubwa vile, na mkono mrefu vile!

Jumatatu, 12 Mei

Mambo si mazuri.

Keval amepiga simu kwa Mzee. Mama yake amezima chuma chake cha kuchomelea. Bodi ya Manga imeoshwa, imekauka, iko mezani, lakini hatagusa mali ya kiwanda tena mpaka jina lake lisafishwe. Mafundi wengine wawili wa mjini wameona picha ya barua kwenye simu zao, nao wamerudisha kazi zetu.

Mzee alisoma nakala langoni. Alitazama muhuri kwa muda mrefu. Akaniuliza kwa sauti ya chini yeye alikufa lini.

Kisha Bitutu. Magunia mawili ya majani yake yamenyauka kwenye foleni ya mzani wa kuazima, yamekataliwa. Aliyamwaga hapo hapo mlangoni pa stoo, mbele ya miguu yangu. Heri angepiga kelele. Yalinukia vizuri bado.

Jumanne, 13 Mei

Mama Chandrakala amekuja mwenyewe, mkono mmoja ameushika Keval, mwingine umeshika chombo kilichofungwa kitambaa. Mzee alimletea kiti chake. Kile kiti! Alisalimia kwa Ekegusii, bwakire, yaani habari za asubuhi, hata wapagazi wakaitika. Akaomba uteo.

Mong'ina wa jikoni akaleta uteo wa kupepetea wimbi. Mama akamimina kapasita zote. Akaanza kuhesabu kwa kuzisukuma tano tano, vidole vinakwenda kama mvua juu ya bati, huku akizungumza na Mzee kuhusu mafuriko ya mwaka ule na harusi ya nani. Hakupotea hata mara moja! Gentrix alimuuliza saa makusudi, akamjibu, akaendelea. Wachuma majani waliacha kazi. Hata mashine nadhani zilipunguza sauti. Sijui kama alihesabu kwa kichwa au kwa mikono au kwa kitu kingine ambacho sisi hatukupewa.

Elfu moja mia nne. Kamili.

Akaulizia mkebe. Niliutoa uvunguni. Mia sita, zote zimekufa, zote zipo. Akanitazama, si kwa hasira.

"Mwanangu," akasema, "mimi narudisha hata iliyoungua. Miaka arobaini na moja. Wewe ulihesabu nini?"

Nikamwambia ukweli. Nilipima. Nikamwonyesha na mzani.

Halafu Bitutu, ambaye alikuwa amekaa juu ya gunia akingoja, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Karani, si ni huo unaokula kilo moja? Umenifundisha wewe mwenyewe."

Sikuelewa mara moja. Wengine wote walielewa. Mzee aliketi juu ya mifagio.

Niliomba msamaha mbele ya watu. Mama Chandrakala alikubali kwa sharti moja: barua ya pili, ubao ule ule, muhuri ule ule. Nikaandika na kugonga. Ndipo akafungua kile chombo alichokuja nacho. Bodi ya Manga, inang'aa. Alikuwa ameimaliza kabla ya kuja. Nilisema asante. Kuna watu wameumbwa kwa udongo tofauti.

Jumatano, 14 Mei

Funguo kumi na tisa zimekwenda kwa Gentrix, kuanzia leo. Amri yake ya kwanza: vyote viendavyo kwa mafundi wa nje vihesabiwe kwa mkono, wawili wawili, kabla ya sahihi. Mimi nimepewa mifagio na mabuti. Kwa Magdaline sijapiga simu. Mtandao wa Oyugis unasumbua.

Nimekaa nikitafakari kosa langu. Nimelipata. Kosa langu ni mfuko wa plastiki! Mzani umetegwa kuondoa gunia, na mimi sikuweka gunia. Ningetia kapasita ndani ya gunia halisi, mzani ungekata cha kukata, hesabu ingekaa sawa, na leo funguo zingekuwa zinagonga pajani pangu.

Ili kuhakikisha, saa ya chakula nimechukua gunia tupu la Bitutu, nikalikunja vizuri, nikaliweka juu ya mzani.

Sifuri.

Nimelitoa, nimelirudisha. Sifuri. Nimejaribu magunia manne, moja moja. Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Nywele zimenisimama. Magunia ya kiwanda hiki hayana uzito! Miaka kumi na moja nayashika, sikujua. Bitutu alisema kweli, ni mepesi kuliko hata leso.

Lakini basi, kama gunia halina uzito, ile kilo ya kila mkulima, kila siku, kila kituo, kutoka Manga hadi Birongo, inakwenda wapi? Nimejiuliza hilo mpaka chai imepoa. Jibu ni moja tu. Kuna mtu anaichukua. Na nani tangu leo asubuhi ana funguo zote?

Nimeshaandika mistari mitatu ya barua. Nimeazima kalamu kwa Gentrix mwenyewe, hashuku lolote. Muhuri bado una wino.