Tumbo Limekatwa, Mikono Imebaki

Jumanne, 8 Julai 2025

Kilo 112. Mwezi uliopita nilikuwa 109. Nikamwambia Sista Scolastica mizani ya kliniki ni mbovu. Akapanda mwenyewe, akasema mbona kwake iko sawa.

Sielewi. Mwezi Machi nilikatwa mfuko wa chakula, wakatupa sehemu kubwa, wakaniachia kipande cha ukubwa wa ndizi mbivu. Dada yangu Priscila wa Mwanza ndiye aliyehangaika mpaka nikapata kitanda. Niliingia na kilo 141. Nilitegemea nikizinduka hamu yote itakuwa kwenye ndoo pamoja na kile walichokikata. Wapi! Nilifumbua macho na kitu cha kwanza kuwaza ni maandazi.

Sista, ambaye ndiye mshauri nasaha pale kliniki, anasema kisu kilikata tumbo, hakikukata mazoea. Nikamwambia jambo zito hivyo wangelisema mapema. Akasema alilisema mara tatu, na mara zote tatu niliitikia kwa kichwa. Sasa anataka niandike kwenye daftari nilichokula, na nilivyojisikia kabla ya kula. Nikamjibu hapo hapo: nilisikia njaa. Akasema hiyo mara nyingi si kweli. Mtawa kunitilia shaka!

Nimenunua madaftari mawili. Moja la Sista, lenye mwandiko mzuri. Jingine ndilo hili, la ukweli.

Yote haya nayafanya kwa ajili ya mke wangu Auleria. Tangu Krismasi yuko kwao Nyamigogo, kule Biharamulo. Aliondoka siku alipokuta nyama ya wageni kwenye mfuko wa koti langu la harusi, imefungwa vizuri kwenye nailoni. Alisema, "Pancras, mimi sina shida na tumbo lako. Nina shida na kujificha kwako." Wanawake wana adabu sana. Nilijua anamaanisha tumbo.

Sasa kapiga simu. Atakuja Jumapili ya tarehe 20, siku ya jubilei ya parokia, aone kama nimebadilika. Akiridhika, anabaki. Asiporidhika, anabeba sufuria zake zilizobaki na ndiyo basi tena. Siku kumi na mbili! Mimi fundi cherehani, suti nzima huwa naimaliza kwa siku tatu. Nitashindwaje kujibadilisha mimi?

Alhamisi, 10 Julai

Philbert! Huyu ni fundi mwenzangu, kibanda chake kinatazamana na changu hapa Nyamiaga. Kila asubuhi anakula chapati tano mlangoni, hadharani, huku akipiga soga na wateja. Hanenepi hata nusu kilo. Mungu mwenyewe anajua kwa nini.

Leo kamati ya parokia imempa kazi ya kushona vazi la Padri la jubilei. Kazi yangu ile! Miaka kumi mavazi ya Padri nashona mimi. Nimebakiziwa mashati arobaini ya kwaya, rangi ya maziwa. Wamesema wananihurumia, naonekana mdhaifu. Philbert akavuka barabara kuja kunipa pole. Nikamshukuru kwa tabasamu mpaka mashavu yakauma.

Alipogeuka tu nikaenda nyuma ya kibanda. Vyakula vigumu havinikubali tena, ugali vijiko vitano na kifua kinabana. Lakini juisi ya ndizi, ile tamu inayokamuliwa kwa nyasi kabla haijachacha ikawa rubisi, pombe ya ndizi, inapita bila hodi. Daktari hakuitaja kwa jina. Nilipiga vikombe vitatu. Baada ya robo saa moyo mbio, jasho, tumbo likaunguruma, nikakimbilia choo cha jirani nikiwa na futi kamba shingoni. Sista alinionya: sukari ikiingia tumboni kwa mkupuo, utumbo unachachamaa.

Nikifikiria vizuri, sikuwa na njaa kabisa. Ajabu. Labda ni hii baridi ya Julai.

Daftari la Sista: "Mchicha, vijiko vinne. Hisia: amani."

Ijumaa, 11 Julai

Bi. Agripina, mwenyekiti wa jumuiya yetu, alileta gauni la kupunguza. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba aliyonipa ilikuwa ya msibani. Alikuwa anaangalia kola yangu inavyoning'inia. Operesheni niliwaambia watu ni ya ngiri, na hapa mtu akipungua kilo thelathini kwa ngiri, wanaanza kunong'ona.

Nilitaka kumweleza ukweli. Nilishafungua mdomo. Halafu nikakumbuka kwamba jumuiya ina desturi ya kutembelea wagonjwa kila Jumamosi, na hawaji mikono mitupu.

Nikakohoa. Kidogo tu. Mara mbili.

Jumamosi, 12 Julai

Walikuja kumi na saba! Ndizi mkungu mzima, maziwa, kuku wa kuchemsha, karanga, juisi kwenye dumu. Nililala kitandani nimejifunika mpaka kidevuni. Walisali rozari yote. Philbert ndiye aliyesoma somo, na alipofika katikati akalia. Machozi ya kweli. Nilikasirika sana. Hata kuniombea anataka anishinde.

Bi. Agripina akasema nile kidogo waone. Huwezi kukataa chakula cha wageni waliokuja kukuombea. Nikachukua paja la kuku. Nilikuwa naona aibu kwa uongo wangu, na nikiona aibu natafuna haraka. Likakwama. Mate yakajaa mdomoni, povu, nikatoa kichwa dirishani na kulirudisha lote kwenye maua ya jirani. Wao wakadhani saa yangu imefika. Wakaanza wimbo wa kumsindikiza marehemu, sauti zote nne.

Nilipona haraka kabla hawajafika ubeti wa tatu.

Daftari la Sista: "Supu nyepesi. Hisia: amani."

Jumatano, 16 Julai

Kliniki. Kilo 114. Nikavua viatu. 114. Nikavua mkanda. Sista akaniomba niishie hapo.

Akasoma daftari lake kurasa zote. Nilijivunia mwandiko. Akauliza kwa upole, mtu ambaye mkewe kaondoka miezi saba, anawezaje kuwa na amani mara kumi na tisa kwa wiki moja? Nikataka kumjibu kwamba mimi ni mtu wa sala. Badala yake nikalia. Sijui yalitoka wapi. Nililia mpaka nikafuta pua kwa kitambaa cha sampuli.

Akaniuliza nilianza lini kuficha chakula. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia kule kwetu Murukulazo tulikuwa watoto tisa kwenye sinia moja, na mimi wa saba. Mwenye mkono mfupi analala na njaa. Siku moja nikaficha kiazi ndani ya shati, nikakilia peke yangu migombani, kimepoa, kina vumbi. Sijawahi kuonja kitu kitamu kama kile. Hakuna aliyeninyang'anya, hakuna aliyenitazama. Tangu siku hiyo, nikionewa, nikidharauliwa, nikiogopa, mikono inatafuta kiazi. Maneno haya niliyasema mwenyewe! Sista akafunga lile daftari la amani. Akasema leo Pancras umefanya kazi kubwa, na kisu peke yake kisingeifanya. Akataka nirudi kila Jumatano, na nimweleze Auleria habari ya kiazi.

Nilitoka mwepesi. Nilijisikia mtu mpya kabisa. Nikaona siku kubwa kama hii haiwezi kupita hivi hivi. Vitumbua vinne, nyuma ya stendi, nimegeukia ukuta.

Alhamisi, 17 Julai

Bi. Agripina kaleta kidumu cha lita kumi, juisi imekamuliwa leo leo. Kasema mgonjwa hapaswi kukosa nguvu. Nilipaswa kukataa. Nilipokea kwa mikono miwili.

Lakini Auleria anakuja, na pua ya Auleria haina mchezo. Nimekaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, kisha nikakizungushia mpira wa baiskeli ili harufu isitoke. Nimekisukuma chini ya meza ya kukatia na kukifunika kwa mashati ya kwaya yaliyokwisha kushonwa. Nani atafukua mashati arobaini? Kibanda kina joto zuri mchana, jua linapiga bati, juisi haitapata baridi. Nitakunywa wakati wa dharura tu.

Jumamosi, 19 Julai

Dharura.

Auleria amekuja siku moja kabla! Nilimwona anashuka kwenye bodaboda na mkoba wake, amependeza, nikasahau hata kutia uzi. Aliniangalia juu mpaka chini. Akasema nimepungua, akatabasamu. Nikaona nimeshinda. Akakaa kwenye kiti cha wateja. Nilikuwa naanza kumweleza habari ya kiazi, nilishafika kwenye sinia, kwa kweli nilishafika kwenye sinia, ndipo meza ya kukatia ikaguna.

Kisha mlipuko! Kifuniko kikachomoka chini ya meza kikapiga bati la ukutani. Juisi, ambayo kwa siku mbili ilikuwa imeamua kuwa rubisi, ikaruka nje ikiwa na povu, ikatapakaa kwenye mashati, kwenye cherehani, kwenye kilemba cha Auleria. Mtaa mzima ukanuka pombe.

Nikasema ni mafuta ya mashine.

Auleria alijipangusa taratibu. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Akauliza swali moja tu: kuna kingine umeficha? Nikasema hakuna. Akavuta droo ya cherehani: karanga. Akafungua kopo la vifungo: kashata. Akaingiza mkono kwenye kifua cha ile sanamu ya kuvalisha nguo, akatoa maandazi matatu ya juzi. Kila kitu alikiweka mezani kwa mstari, pole pole. Nilitamani sakafu ipasuke.

Philbert akatokea na beseni na sabuni bila kuitwa. Wamefua mashati arobaini, yeye na mke wangu, huku wakizungumza na kucheka. Mimi nilianika. Nilipobaki peke yangu na kidumu niliona nimalizie iliyobaki ili kufuta ushahidi. Kikombe kimoja! Tumbo hili dogo halichelewi kulewa. Wanasema niliyaimbia mashati kwenye kamba. Sikumbuki.

Jumapili, 20 Julai

Jubilei. Kichwa kinauma. Kwaya imevaa mashati ya rangi ya maziwa yenye madoa ya hudhurungi, na Padri kasifu ubunifu wa fundi. Vazi la Padri limekaa vizuri sana. Philbert ni fundi hodari. Nimeandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma.

Nilijua leo sufuria zinaondoka. Wakati wa chakula Auleria alikaa pembeni yangu na kuweka sahani ndogo kati yetu. Ndizi kidogo, maharage, kipande cha nyama. Akasema nile. Watu walikuwa wanatazama, Bi. Agripina alikuwa anatazama kuliko wote.  Basi nikamweleza Auleria hadithi ya kiazi, yote, mpaka mwisho, huku natafuna taratibu. Kijiko cha nne nikashiba. Nilishiba kweli! Sikumbuki mara ya mwisho kushiba mbele ya mtu.

Auleria alikuwa na machozi. Akasema miaka kumi na sita ya ndoa, hicho kiazi hajawahi kukisikia. Akasema atabaki, na masharti hayana kilo ndani yake. Nirudi kilo 141, sawa. Nile beseni zima, sawa, lakini niwe mezani, yeye akiona. Na Jumatano tutakwenda kwa Sista wote wawili. Kitu kimoja tu hatakivumilia tena: kufichwa. Akikuta jambo jingine limefichwa, safari hii hatapiga hata simu.

Nikamwahidi. Nilimaanisha kila neno. Nampenda huyu mwanamke.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeamka na furaha. Auleria anaimba jikoni. Mtu mwenye furaha hii lazima aitunze, na mimi nimeshapata njia.

Nimelitazama jambo kwa makini, kitaalamu. Hili tumbo walilikata pana mno. Nguo ikipwaya fundi hakai na mteja kumuuliza habari za utoto wake, anaipunguza! Nimempigia Priscila Mwanza nikiwa chooni, kwa sauti ya chini. Nimemwomba aniulizie operesheni ya pili, wabane zaidi, wabakize kama kidole gumba. Priscila kauliza Sista anasemaje. Nikasema Sista anaunga mkono. Kauliza Auleria je? Nikasema usimgusie Auleria habari hii.

Auleria akagonga mlango akiuliza naongea na nani. Nikajibu mteja wa suruali.

Nitaondoka Alhamisi, nitamwambia naenda Mwanza kufuata vitambaa. Nikirudi nimebaki kilo themanini, atafurahi mpaka alie. Kazi yangu sasa ni moja tu, kuhakikisha hajui chochote. Hapendi kabisa kufichwa mambo, kwa hiyo hili itabidi nilifiche vizuri.