Kadi Kubwa ya Kamera ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Baba Mkwe kapiga simu kabla sijamaliza kunyoa ndevu. Shavu moja laini, la pili povu tupu. Kamera ya sebuleni kwake imeandika "Hakuna kadi". Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kamera za kisasa hupumzika. Akauliza zinapumzika kwa ruhusa ya nani.

Kadi ipo! Niliichomeka mwenyewe Ijumaa iliyopita, nikiwa ndani ya ovaroli yangu mpya. Nilitoa ile ndogo ya zamani, nikaweka kubwa, imeandikwa 512 kwa tarakimu nene. Niliipata kwenye sinia la muuza soksi, kwa bei ya kutupa. Kitu kidogo kama ukucha, kinameza picha za mwaka mzima! Baba Mkwe nilimwambia imeagizwa maalumu. Siku hiyo hiyo nikaisahihisha saa ya kamera, iliyokuwa nyuma miaka kadhaa. Mtaani nimeanza kuitwa Mtaalamu. Wanaoniita hivyo ni wawili, na mmoja wao ni mimi.

Sasa balaa. Saa yake ya mkononi haionekani. Ile aliyozawadiwa na wenzake siku ya kustaafu. Ilikuwa juu ya kimeza kando ya kiti chake, na tangu Ijumaa haipo. Anasema sebuleni haingii mtu ila yeye na Mpishi. Mpishi yuko nyumba ile mwaka wa kumi na mbili. Baba Mkwe anataka picha za kamera. Zisipopatikana hadi Ijumaa, Mpishi afungashe.

Nikaahidi picha zipo. Nimeahidi kwa sauti nzito, mkono kifuani.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kuitoa kadi. Kamera ilikuwa inawaka. Nikaichomoa hivyo hivyo. Fundi halisi haombi ruhusa kwa taa. Nikaipuliza. Nikaisugua kwenye suruali. Nikaipuliza tena kwa hisia zaidi.

Nyumbani nikaitia kwenye adapta yake ya plastiki na kuisukuma ndani ya kompyuta ya mke wangu. Kompyuta ikasema kadi haisomeki, ikauliza kama niifomati. Nilipenda nilivyoulizwa kwa adabu. Kidole kilikuwa hewani kuelekea "Ndiyo" mke wangu aliponidaka mkono. Anasema kufomati ni kufuta kila kilichomo. Basi kwa nini neno lenyewe lina sauti ya matengenezo?

Akanishauri nimpelekee Bi Kibano. Huyu ni fundi wa simu na kamera, ana kibanda ubavuni mwa duka la dawa. Jina amelipata kwa kibano chake cha chuma. Kitu kidogo hakigusi kwa vidole. Ni mshindani wangu mkuu. Yeye hana habari kwamba tunashindana, na hilo ndilo linaloniudhi.

Nikakataa katakata. Baba Mkwe alipopiga tena nikamwambia picha ni angavu mno, zinachukua muda kufunguka. Akasema ana subira. Hana. Namjua.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa Bi Kibano. Lakini kwa hila! Nilivaa kofia ya mke wangu ya shambani na miwani ya jua, nikabadili na mwendo. Nikamwambia kadi ni ya rafiki yangu asiyejua mambo haya.

Akanikaribisha. Akasema, "Vua miwani, Mtaalamu, humu hamna jua."

Yeye ndiye wa pili wa kuniita hivyo! Nilijisikia vizuri kwa dakika nzima, kisha nikakumbuka nimeumbuka.

Kibanda ni upana wa mlango. Meza ina mkeka wa mpira wa kijani, taa yenye kioo cha kukuzia, na vidroo vidogo vidogo, kila kimoja na karatasi ya jina. Nilitaka kudharau, nikashindwa. Akaishika kadi kwa kibano kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Akaigeuza kwenye mwanga. Akaonyesha madoa kwenye yale meno ya dhahabu ya nyuma, akauliza niliisugua na nini. Nikamwambia rafiki yangu aliisugua kwenye suruali. Akachovya kitambaa kwenye spiriti, akapangusa mara mbili. Hakupuliza hata mara moja! Akasema pumzi ina mate.

Halafu akafanya jambo lililonifunga mdomo. Hakuitengeneza kadi. Alinakili kila kilichomo kwanza, kizima na kilichovunjika, akaiweka kadi pembeni, akaanza kufanya kazi kwenye ile nakala. "Nikikosea, nakosea hapa," akasema. "Ya mwenyewe inabaki ilivyo." Miaka yote hii mimi nakosea moja kwa moja kwenye ya mwenyewe.

Baadaye akaniambia kadi ni mwongo. Nje imeandikwa 512, ndani haifiki hata kumi. Ikijaa inaendelea kumwambia kamera "leta, leta", na kinacholetwa hakiwekwi popote. Nikaitetea. Nikasema pengine ina aibu mbele ya wageni. Akauliza iliwekwa lini. Ijumaa. Akatikisa kichwa polepole: basi Ijumaa pekee ndiyo iliyoingia salama kabla haijajaa, na hiyo imechanika vipande kwa sababu kuna mtu aliichomoa kamera ikiwa inawaka. Hakunitazama aliposema "kuna mtu". Heshima iliyoje!

Nikajaribu mpango wangu. Nikamwomba aseme kamera ilikuja mbovu kutoka kiwandani. Nami kwa fadhila nitamwachia wateja wote wa upande wa kushoto wa barabara. Akauliza kwa nini nahangaika hivyo kwa kadi ya rafiki. Ikabidi nimweleze habari ya Mpishi.

Akaweka kibano chini. "Mimi natengeneza kadi," akasema. "Maneno sitengenezi." Akasema atafanya kazi hiyo kabla ya nyingine zote. Nimrudie Ijumaa.

Nimerudi nyumbani nikimstahi kupita kiasi. Inachosha kumstahi mshindani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa Baba Mkwe kumpoza. Yeye kakaa na gazeti, halisomi. Mpishi yuko jikoni anaandika kwenye daftari. Nikachungulia. Anamwandikia atakayekuja baada yake. Kwamba mzee hali chumvi nyingi ingawa ataiomba. Kwamba dawa nyeupe ni kabla ya chakula na ya njano ni baada. Kwamba akinuna siku nzima ni goti linamuuma, asiulizwe, aletewe maji ya moto. Mtu ameitwa mwizi, na anahofia goti la aliyemwita!

Akanipa chai. Nilishindwa kuinywa. Nikamuuliza anajisikiaje. Akajibu, "Sijambo, baba. Ila naomba nisiondoke na jina hilo." Akaendelea kuandika.

Ndipo wazo likanijia. La huruma safi! Nikatoka mbio hadi kwa muuza soksi, nikanunua saa inayofanana na ya Baba Mkwe. Inafanana kabisa ukiitazama kwa mbali na kwa haraka. Nikarudi, nikaisukuma nyuma ya mto wa kiti. Nikamwomba Baba Mkwe ajiegemeze vizuri, mgongo ni muhimu. Akajiegemeza. Akaiokota. Nikapiga makofi.

Akaivaa miwani. Saa yake ina mkwaruzo kwenye kioo, hii haina. Yake ina tarakimu kumi na mbili, hii ina kumi na moja. Saa tisa wameiruka. Nikasema pengine imechakaa. Akasimama, uso umembadilika. Akasema sasa ameelewa: Mpishi ameuza ile halisi na kumletea ya bandia. Kesho hatamfukuza tu, atampeleka polisi.

Mpishi alikuwa mlangoni na sahani mkononi, amesikia yote. Hakulia. Aliiweka sahani mezani taratibu, isilie.

Naandika kwa aibu: nilinyamaza. Nimetembea hadi nyumbani bila kumsalimia mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Bi Kibano hakungoja nimfuate. Nilipofika kwa Baba Mkwe saa nne asubuhi, nimejikaza kusema ukweli, nilimkuta ameshakaa sebuleni na kompyuta yake magotini. Mke wangu yupo. Mpishi amesimama karibu na dirisha, mkoba miguuni. Nikasema nina jambo. Baba Mkwe akasema ningoje, picha kwanza.

Vipande mia na kitu, ameviunga kimoja kimoja. Vingine vina sekunde tatu tu! Picha ikatokea. Sebule. Kiti. Kimeza. Saa juu ya kimeza, inang'aa. Mwujiza! Nilitaka kupiga makofi tena.

Kisha akaingia mtu mwenye ovaroli.

Akatembea kwa majivuno. Akatazama huku na huku. Akaichukua saa, akaja nayo hadi mbele ya kamera, pua yake ikajaa picha nzima. Akaitazama saa, akabonyeza simu, akaitazama tena. Akatabasamu. Akaitia saa mfukoni, akajipigapiga kifua, akatoka.

Nikasema kwa sauti ndogo kwamba nilikuwa nasahihisha saa ya kamera kwa simu, na saa ya Baba Mkwe haijawahi kukosea. Mke wangu alitoka, akaenda nyumbani kwetu, akarudi na ovaroli. Mfuko wa kushoto. Saa inatembea, dakika haikupotea.

Nikasema na la saa ya bandia. Niliyasema yote, hata la soksi. Baba Mkwe aliniita jina ambalo sitaliandika, kwa kuwa shajara hii huenda ikasomwa na watoto wangu. Halafu akanisahau. Akasimama, na goti lake lile, akamwendea Mpishi. Akamwambia, "Mama, nimekukosea. Nisamehe." Miaka yote namjua mzee huyu, sijapata kumsikia akitamka neno hilo, hata alipomkanyaga mchungaji mguu.

Mpishi aliusogeza mkoba kando kwa mguu. Kisha akasema amesamehe, lakini majirani walioambiwa yeye ni mwizi waambiwe kwa kinywa kile kile, nyumba kwa nyumba, leo. Na atapumzika juma zima. Baba Mkwe akachukua fimbo yake na kuondoka muda ule ule. Nilimwona dirishani akibisha hodi mlango wa kwanza. Watu wakubwa wawili nimewaona leo ndani ya chumba kimoja. Watatu, pamoja na fundi.

Maana Bi Kibano alikuwa bado kazini. Akazima kamera kwanza. Akaweka kadi yenye ukubwa wa wastani, aina inayovumilia kuandikwa mchana kutwa. Akaiwasha, akaifomati ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta. Akarekodi dakika mbili, akazicheza tuzione. Akamwonyesha mke wangu namna ya kukagua kila Jumamosi. Mke wangu! Mimi nilipewa kushika ngazi.

Nikamuuliza Bi Kibano kwa nini hakunionya mapema. Akasema picha zilikamilika leo alfajiri, na alipoziona alicheka hadi akaangusha kibano.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala siku mbili nikitafakari. Nimebadilika. Sasa mimi ni mtu wa kusikiliza, mtu wa taratibu. Zima, toa, pangusa, nakili. Nimeyaandika ukutani.

Jirani wa ng'ambo amesikia habari za picha zilizofufuliwa, akaja kuniuliza nani aliisimamia kazi ile. Nikamwambia nilikuwepo mwanzo hadi mwisho, hata kwenye picha nimo. Akafurahi. Ana kamera tatu na hataki kujisumbua na kadi tatu.

Hapo akili ikafunguka. Kadi moja, kamera tatu! Saa ya kwanza kadi inakaa getini, ya pili uani, ya tatu stoo, nami naihamisha kwa mkono wangu, nikizima kila mara kama inavyotakiwa. Mwizi hawezi kujua iko wapi. Hakuna aliyewahi kulifikiria jambo hili, hata Bi Kibano. Natamani kuuona uso wake atakaposikia!

Jirani akauliza kama yule mama fundi ameupitisha mpango huu. Nikamwambia kila ninachojua nimekipata kwake.

Naanza kesho. Ovaroli imeshapigwa pasi.