Ombi la Kufutwa kwa Neno "Visitor"

Ndugu Mhariri wa Kamusi ya Kiingereza,

Shikamoo, kama umri wako unaruhusu. Kama hauruhusu, habari za kazi. Mimi ni mtu mzima nisiye na makuu, naishi kwa dada yangu na mumewe, fundi cherehani. Nilipitia kuwasalimu, nikakaa kidogo. Mpwa wangu alikuwa hajaota meno. Sasa yuko darasa la nne, na balaa lote limeanzia huko shuleni.

Mwalimu aliwapa kazi ya kutofautisha "guest" na "visitor". Mtoto akaniuliza mimi mjomba wake, nami kwa kujifanya msomi nikaisoma kamusi yako kwa sauti, watu wote wakiwa mezani. "Guest", mnasema, ni mtu aliyealikwa, na mwenyeji humtunza. "Visitor" ni yeyote aliyekuja, awe amealikwa au la, kisha huondoka. Shemeji akaweka kijiko chini. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Hivi shemeji, wewe nani alikualika?"

Tangu hapo sina raha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Yai langu la asubuhi limekatwa. Eti yai ni la "guest".

2. Cherehani imehamishiwa chumbani kwangu, miguuni pa kitanda. Wateja wanapimwa viuno mimi nikiwa nimejifunika shuka. Mama mmoja alinisalimu, nikaitikia, kazi ikaendelea.

3. Mpwa wangu alitunga sentensi ya mfano: "My uncle is a visitor but he does not go." Mwalimu akatia vema. Vema, Mhariri! Mtoto niliyembembeleza mimi mpaka akalala. Hili limeniuma kuliko yai.

4. Dada yangu, tumbo moja, ameanza kuniuliza safari ni lini.

Sisi tuna neno moja tu, mgeni, na tumeishi nalo bila kupelekana kamusini. Aliyealikwa ni mgeni, aliyejileta ni mgeni, na wote hupewa chai. Basi naomba mfute "visitor" katika toleo lijalo. Ikishindikana, andikeni kwamba "visitor" akikaa sana hugeuka "guest" mwenyewe, kama maziwa yanavyoganda. Hilo nalo likishindikana, nitumie anwani ya nyumbani kwako, maana wewe ndiye uliyenikosesha pa kukaa. Sina usumbufu, na kukoroma nakoroma kwa kiasi.

Nisalimie wachapaji, wahariri wenzako, na hasa familia yako, ambayo huenda tukazoeana.

Ni mimi niliyedhulumiwa na ukurasa wako,
Mjomba Mtu

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, mtoto wa shangazi yetu ameingia na masanduku na godoro, anasema anapitia tu. Amekalia kiti changu na ameshamiminiwa chai. Tafadhali usiguse hata herufi moja. Kamusi iko sahihi kabisa, na ukurasa wenyewe nimeshamsomea. Huyu mtu mimi sikumwalika.