Mita Kumi za Boksi Moja

Jumatatu, 4 Machi
Siku njema kuliko zote! Zahanati inatafuta fundi wa kudumu wa kutunza betri zake za sola, na tumebaki wawili: mimi, na shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye kibanda ng'ambo ya barabara. Ijumaa muuguzi mkuu, tunayemwita Sista, atatupa betri moja tuipime. Ambaye kipimo chake kitakaribia zaidi kile cha mita ya volti ya maabara yake, kazi ni yake. Nikiipata, kwaheri redio mbovu. Nimenunua mita kumi za bei poa nichague iliyo bora. Shemeji anayo moja, imefungwa kwa mpira. Maskini.

Jumanne, 5 Machi
Makubwa. Nimepima betri moja kwa mita zote kumi. Boksi moja, kiwanda kimoja, rangi ileile ya njano, na kila moja ina lake. Hii volti 12.4, ile 12.6, nyingine 12.9. Zinabishana kama ndugu kwenye kikao cha mirathi. Bahati nzuri ninayo mita yangu ya zamani. Miaka sita naiamini. Hiyo ndiyo hakimu, nayo imesema 13.3. Basi ile ya 12.9 ndiyo mkweli wao. Nimeipaka tone la rangi ya kucha ya mke wangu na kuiita Mfalme. Ile ya 12.4 ni mwongo wa kutupwa.
Mke wangu kauliza kile kialama cha betri kwenye kioo cha mita ya zamani ni cha nini. Nikamwambia ni alama ya ubora. Kisha akauliza nani kachezea rangi yake.

Jumatano, 6 Machi
Nina akili mpaka najiogopa. Nimemfunga yule mwongo kwa karatasi ya zawadi na kumpelekea shemeji. Nikasema undugu kwanza, kazi baadaye. Akanikumbatia, machozi yanamlengalenga. Roho ilinisuta mpaka nilipovuka barabara.

Alhamisi, 7 Machi
Sikugusa kazi. Nimeshinda nikipanga maneno ya kumfariji shemeji.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu. Mita ya Sista: 12.41. Shemeji: 12.40. Mfalme: 12.93! Sista kaniuliza kwa upole kama nimepima betri hiyohiyo. Shemeji kapewa kazi palepale, na mbele ya wauguzi wote akatangaza kuwa mita ni zawadi yangu. Wakanipigia makofi. Nikapiga na mimi, ningefanyaje?
Nyumbani, mke wangu anasema kile kialama maana yake betri ya ndani ya mita imechoka, na mita ikichoka husoma juu kuliko ukweli. Eti imeandikwa kwenye kijitabu chake, kile nilichokiweka chini ya mguu wa meza. Nimemwambia vijitabu huandikwa na watu wasioshika bisibisi.

Jumamosi, 9 Machi
Nimefufuka! Sista kapiga simu. Anataka mita tisa kama ya shemeji: moja yake, nane zigawiwe zahanati za jirani. Zikiwaridhisha, vifaa vyao vyote nitaleta mimi. Na nimebaki na tisa kamili, boksi lilelile! Zitatofautiana nini? Ya Sista mwenyewe nimeichagua kwa makini. Ina tone la rangi ya kucha, na tangu asubuhi alama ya ubora imetokea kwenye kioo chake.